Amplifaya ya Zamani Haijakufa, Ni Vile Hujaipima

Kuna sentensi nimeichoka: "Hiyo imekufa, tafuta ingine." Tunaisema kwa blenda, kwa redio, kwa simu, na sasa hata kwa amplifaya ya gita. Ikianza kuvuma, ikikwaruza, siku moja ikinyamaza katikati ya wimbo, basi, imehukumiwa. Inasukumwa kona ya stoo na kuwekewa ndoo juu. Chungulia stoo ya kanisa lenye bendi, chumba cha muziki cha shule ya zamani, au nyumba ya mjomba aliyekuwa akipiga rumba hotelini enzi zake. Mara nyingi iko hapo, nzito kama gunia la mahindi, imejaa vumbi, inangoja tu mtu wa kuiuliza inaumwa wapi.

Msimamo wangu ni huu: nyingi ya hizo ziko hai, na kijana mwenye mita, bisibisi na subira anaweza kujua shida iko wapi bila kutoka nyumbani. Lakini ndani yake kuna mlango mmoja ambao hufai kuufungua kama hujafundishwa. Nitauelezea huo pia bila kuuremba, kwa sababu unaua.

Hizi vitu zilitengenezwa zitengenezwe

Nikisema ya zamani, naongea kuhusu zile za miaka ya 60 hadi 80. Ziko za aina mbili. Kuna za valvu, zile chupa za glasi zinazowaka rangi ya machungwa ndani. Na kuna za transista, kama Roland JC-120 iliyotoka 1975. Zote mbili zina tabia moja ambayo vifaa vingi vya leo havina: ukizifungua, unaona kitu. Rezista unaishika kwa vidole. Waya unaufuata kwa macho kutoka hapa hadi pale. Kampuni ya Fender ilikuwa inabandika karatasi ndani ya sanduku, inakuonyesha ni valvu gani inakaa wapi. Yaani waliotengeneza walijua siku moja itaharibika na mtu ataifungua.

Na hiyo si ajabu ukijua walikuwa kina nani. Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka wa 1938. Gita hata hakujua kupiga. Alikuwa fundi wa redio ambaye wanamuziki walimletea vifaa vyao vibovu, akajifunza vinaharibikia wapi, akaanza kutengeneza vyake. Jim Marshall naye alikuwa mpiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki London. Amplifaya za Marekani zilikuwa ghali Uingereza, kwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 60 yeye na fundi wake Ken Bran, pamoja na kijana anaitwa Dudley Craven, walichukua muundo wa Fender Bassman na kutengeneza yao. Hiyo ndiyo JTM45. Sauti ya roki unayoijua imepitia kwa meza ya fundi.

So ukipita Luthuli Avenue ukaona jamaa ameinama juu ya redio ameshika chuma cha solda, usimwangalie kama mtu aliyekosa kazi ya maana. Leo Fender alianzia hapo hapo.

Shida yetu ni kubahatisha

Kitu kinaniudhi zaidi ya kutupa ni kubadilisha spea kwa kubahatisha. Amplifaya imevuma, mtu anasikia "labda ni valvu", anaagiza seti nzima. Valvu siku hizi zinatengenezwa na viwanda vichache, hasa Urusi, Slovakia na China, kwa hivyo bei yake unaijua. Anaweka. Bado inavuma. Anasema labda ni transfoma. Ananunua. Bado. Mwisho alikuwa na waya wa gita uliokatika ndani, na doh imeenda.

Fundi wa kubahatisha akishindwa anakuambia "hii haina spea." Fundi anayepima anakuambia "hapa kuna volti, hapa hakuna, kwa hivyo shida iko katikati." Ukisikia sentensi ya pili, mwachie kazi. Na ukiweza kuisema mwenyewe, umeshaanza kuwa fundi.

Kwa hivyo sheria ya kwanza: usinunue kitu chochote kabla hujajua sehemu gani ni mbovu. Sheria ya pili: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na ikapona, hujajifunza lolote.

Anza nje, usiguse skrubu

Kazi kubwa unaweza kuifanya bila kufungua chochote. Toa gita na waya, weka gita ingine na waya mwingine ambao unajua ni mzima. Usicheke, shida nyingi zinaishia hapo. Waya wa gita unakanyagwa, unavutwa, unakunjwa kila Jumapili.

Halafu shika plagi ya gita ikiwa imeingia kwenye tundu, itikise kidogo. Sauti ikikatika na kurudi, basi solda ya nyuma ya hilo tundu imepasuka. Hiyo ni sehemu inayovutwa miaka 40, lazima ichoke.

Zungusha vitufe vya sauti. Vikikwaruza kama karatasi inayoraruliwa, ni uchafu ndani. Unahitaji dawa maalum ya kupuliza ya kusafisha mawasiliano ya umeme, halafu unazungusha kitufe mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Usiweke mafuta ya kupikia, na usiweke ile dawa ya kulainisha bawaba za mlango. Itakuonyesha raha wiki moja, halafu vumbi lote litanasa hapo.

Kama ni ya miaka ya 80, angalia nyuma kama kuna matundu mawili yameandikwa SEND na RETURN. Chukua waya mfupi wa gita uliounganishwa vizuri, toa kwa moja uingize kwa lingine. Sauti iliyokuwa imepotea ikirudi kwa nguvu, umepata mgonjwa: swichi ndogo iliyo ndani ya tundu la RETURN imeshika kutu. Kuna amplifaya zimelala stoo miaka kwa sababu ya hiyo kitu ndogo.

Spika pia unaipima. Chomoa amplifaya kwa stima, tenganisha spika, weka mita kwenye omu. Spika iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida itasoma kama 6 au 7. Ikisoma hakuna kitu kabisa, koili imekatika. Huna mita? Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu. Spika nzima itasema "pap". Kitu kimoja hapa: amplifaya ya valvu usiiwashe kamwe bila spika. Transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua, na hiyo ndiyo spea ghali kuliko karibu zote.

Sikiliza huo mvumo una noti gani

Hii ndiyo sehemu naipenda zaidi, na inafanya kazi kwa sababu wewe ni mpiga gita, una kifaa cha kupima mikononi.

Stima yetu Kenya ni hezi 50. Ndani ya amplifaya inageuzwa kutoka mkondo unaoyumba hadi mkondo ulionyooka, na katika amplifaya nyingi hiyo kazi inaacha mabaki ya mvumo mara mbili yake, yaani hezi 100. Sasa piga ule waya mnene wa juu, freti ya tatu. Hiyo ni G, hezi 98. Mvumo wa amplifaya ukilingana karibu na hiyo noti, mshukiwa wa kwanza ni kapasita kubwa za kusafisha umeme. Ndani zina majimaji, na miaka ikipita yanakauka. Mvumo ukiwa chini zaidi, oktavi moja chini ya hiyo G, ni hezi 50 yenyewe imeingia. Hapo unashuku waya usio na kinga, athi mbaya, au waya za kuwasha valvu.

Ukifuata video ya Mmarekani atakuambia hezi 120. Kwao stima ni hezi 60. Usichanganyikiwe, hesabu ni ile ile, noti tu ndiyo tofauti.

Swali la pili: ukishusha kitufe cha sauti hadi sifuri, mvumo unapungua au unabaki vile vile? Ukipungua, shida iko kabla ya hicho kitufe. Ukibaki, iko baada yake. Kwa kuzungusha kidole tu umegawanya saketi mara mbili na kuondoa nusu ya washukiwa. Hakuna spea umenunua bado.

Fyuzi ni shahidi, usimnyamazishe

Fyuzi ikichomeka, iangalie kabla ya kuitupa. Kama kale kawaya kamekatika tu na glasi ni safi, inaweza kuwa imechoka au imezidiwa kidogo. Kama glasi imekuwa nyeusi au ina rangi ya fedha ndani, kulikuwa na shoti kubwa, na ukiweka fyuzi mpya utaichoma hiyo pia.

Na tafadhali, tuache hii tabia ya kufunga fyuzi na karatasi ya sigara au kawaya kamoja. Fyuzi ya ampea 2 ikikataa, jibu si ampea 10. Hiyo fyuzi inakufa ili transfoma isife. Ukiizuia kufa, transfoma itakufa, na saa zingine nyumba nayo.

Mafundi wazuri wana balbu ya zamani, ile ya waya inayochoma mkono, si ya LED, wameiunganisha kwa mfuatano na stima inayoingia kwenye amplifaya. Ukiwasha, balbu ikimulika kidogo halafu ififie, hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani na balbu imeizuia isilete hasara. Ni kifaa rahisi sana, na kinaokoa mashine iliyolala miaka 15 ambayo mtu angeichomeka moja kwa moja. Lakini kinabeba stima ya nyumba nzima, kwa hivyo fundi akufungie kwenye sanduku, usiache waya uchi mezani.

Sasa, ule mlango

Amplifaya ya valvu ina volti 300 hadi 500 ndani, za mkondo ulionyooka. Stima ya ukutani ni 240. Yaani ndani ya hilo sanduku kuna kitu kikali kuliko soketi.

Na ukichomoa plagi haziondoki zote. Zile kapasita kubwa zinahifadhi umeme kama tangi la maji juu ya paa: umefunga mfereji wa kanjo lakini tangi bado limejaa. Zinaweza kukaa hivyo dakika, saa, hata zaidi. Msee anachomoa, anajiona yuko salama, anaingiza mkono, na umeme unapita mkono mmoja hadi mwingine kupitia moyo.

Kwa hivyo mpaka wangu uko wazi. Kama hujawahi kuonyeshwa na mtu, ana kwa ana, jinsi ya kumwaga hizo kapasita polepole kupitia rezista, kisha kupima kwa mita na kuhakikisha volti zimeshuka hadi karibu sifuri, usifungue amplifaya ya valvu. Si kwa bisibisi, zile cheche mnazoona kwa video zinaharibu kapasita na zinaweza kukuumiza. Hata ukijua, unafanya kazi na mkono mmoja, mwingine mfukoni. Umevaa viatu vikavu, huko peke yako, na huna haraka. Na valvu ikionekana bati lake la ndani linageuka jekundu kama makaa, zima hapo hapo.

Najua kuna mtu atasema "mimi hufanya na sijawahi pigwa." Sawa. Hata anayekimbia kuvuka Thika Road chini ya daraja husema hivyo hivyo.

Za transista volti zake za ndani huwa chini zaidi, lakini pale stima inapoingia bado ni 240. Heshima ni ile ile.

Stima yetu na amplifaya za watu

Amplifaya nyingi nzuri za zamani zinafika hapa kutoka Marekani, kwa mkoba wa shangazi au kwa kontena. Kwao stima ni volti 120. Ukiichomeka kwa soketi yetu ya 240, kama una bahati fyuzi itakufa. Geuza uangalie nyuma imeandikwa nini kabla ya kufanya chochote. Kama ni 120, unahitaji transfoma ya kushusha, na iwe na nguvu ya kutosha kwa wati zilizoandikwa pale nyuma.

Halafu kuna hii ya plagi ya miguu miwili. Si unajua tunavyofanya? Unachukua kalamu, unadunga lile tundu la juu la soketi, plagi ya miguu miwili inaingia, maisha yanaendelea. Kwa chaja ya simu, labda. Kwa amplifaya ya gita, hapana. Lile tundu la juu ni la athi, na athi ndiyo njia ambayo umeme uliopotea unafuata badala ya kufuata mwili wako. Waya za gita yako zimeunganishwa na bati la amplifaya. Bati likipata stima, vidole vyako vimepata stima. Ukisogeza mdomo kwa maikrofoni iliyounganishwa na mashine ingine, umekuwa waya.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Mei 1972, Les Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows kutoka Uskoti, alishika maikrofoni jukwaani Swansea, Wales, akapigwa na stima, akafa. Alikuwa na miaka 27.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kumpa fundi kwa amplifaya ya zamani ya Marekani, hata kabla ya sauti, ni waya wa nyaya tatu wenye athi. Nyingi zilikuwa pia na kapasita kati ya stima na bati ili kupunguza mvumo, na hiyo ikiharibika inaleta stima moja kwa moja kwa bati. Mwambie aitoe. Na mtu akikuambia ukate mguu wa athi ili mvumo uishe, mshukuru, halafu usimsikilize tena. Pia uliza kama keja yako ina athi kweli. Nyumba zingine za kupanga soketi ina matundu matatu lakini nyuma kuna waya mbili.

Kwani si ninunue mpya?

Nunua. Kama unaishi bedsita na jirani anagonga ukuta saa mbili usiku, amplifaya ndogo ya kidijitali yenye hedifoni itakufaa kuliko Marshall ya wati 100. Nyepesi, ina sauti 50 ndani, inaingia kwa mat bila kulipiwa kiti. Sina ubishi hapo.

Lakini hiyo mpya ikiharibika miaka mitano kutoka sasa, ndani kuna bodi moja yenye vitu vidogo kama punje za mchele, na mara nyingi hakuna mchoro wa saketi wa kufuata. Hapo ndipo "imekufa" inakuwa kweli. Ile ya zamani, mchoro wake mara nyingi unaupata bure mtandaoni, na kapasita ndogo inaweza kukugharimu kama chai na mandazi. Ukiitengeneza leo, mtoto wako ataitengeneza tena.

Na kuna kitu kingine zaidi ya pesa. Kila amplifaya tunayotupa inaenda na ujuzi. Wazee waliojua kuzifungua wanastaafu, na sisi tunaojiita kizazi cha teknolojia tunajua kubonyeza tu. Nchi yenye benga, yenye bendi kila mtaa, yenye gita kila kanisa, halafu mvumo wa hezi 100 unatushinda? Manze, hapana.

Sikuambii uache kila kitu uwe fundi. Nakuambia uende kwa ile stoo. Toa ndoo. Soma volti zilizoandikwa nyuma. Kama ni za kwetu, waya wa stima hauna mahali palipochubuka na una athi, fanya zile za nje: waya, tundu, vitufe, spika. Kama imelala miaka mingi, usiichomeke kabla fundi hajaiwasha mara ya kwanza kwa ile balbu. Andika kwa karatasi ulichosikia: inavuma noti gani, inapungua ukishusha sauti au haipungui, inakwaruza wapi. Halafu umpelekee fundi pamoja na hiyo karatasi, na umwombe akufungulie ukiwa umesimama hapo, akuonyeshe anavyomwaga kapasita.

Fundi mzuri atafurahi kupata mteja anayejua kueleza. Akikufukuza, kuna mwingine meza ya pili.